Mlisha Mbu

...na leo hawamtaki, hawamtaki kabisa, mbu wazima wenye njaa, waliotolewa pamba yao ya maji ya sukari tangu jana jioni ili asubuhi wakiona ngozi ya mtu waivamie, na ngozi ndiyo hii, mkono umepita kwenye mfuko wa kitambaa ukaingia kizimbani hadi kiwiko, umelala pale chini kama kitu kilichosahauliwa, nao wamejibandika juu kwenye wavu wanasugua miguu, hashuki hata mmoja, na yeye ambaye siku zote huuma meno wakianza kazi yao leo anawabembeleza, njooni basi, njooni mama zangu, maana wanaouma ni majike tu, madume hayana habari na damu, njooni mle mshibe mtage, sina raha mwenzenu, mkinisumbua leo mtanionea bure... na kosa ni lake mwenyewe, mbu hawana kosa, sabuni ndiyo yenye kosa, ile sabuni ya waridi aliyoazimwa wodini asubuhi na mama wa kitanda cha jirani, Mungu ambariki yule mama, alimwona anamwogesha mdogo wake kwa maji matupu akasema chukua mwanangu, mtoto mgonjwa naye anapenda kunukia, akaichukua kwa mikono miwili akashukuru, akampaka Kasuku shingoni na kwapani na katikati ya vidole, akasahau kwamba mkono unaompaka ndio mkono wa kazi, na mtu wa chumba cha mbu haruhusiwi sabuni ya manukato wala mafuta ya kunukia, sheria ya kwanza hiyo, kabla hujaambiwa choo kiko wapi unaambiwa hiyo, naye akaja, akauingiza mkono, mbu wakauruka kama umepakwa pilipili, na Mama Chandarua, msimamizi wao, aliyekuwa ameinamia beseni anachota viluwiluwi, akainua pua, "Karamu, unanukia kama bibi harusi, umeoga na nini wewe?" na alipomjibu kwamba alikuwa anamwogesha mdogo wake hakugomba, yule mama anayegomba hata na ukuta hakugomba, alisema tu nenda kausuuze kwa maji matupu mpaka ngozi ilie, kisha urudi, na ukiuingiza safari hii usiutoe, "wasipokula leo hawatagi, wasipotaga hatuna mbu wa kuwapa wale wataalamu wa ndani, na dawa mpya zimekwisha kuchaguliwa zinawasubiri," na jina la Karamu ni yeye Mama Chandarua aliyempa, siku ile alipoona kizimba kizima kimewaka matumbo mekundu kwa mara moja, akasema huyu si msichana, huyu ni karamu, jina likaganda hata getini... basi karamu yenyewe ndiyo hii, imeandaliwa, imesuuzwa, na wageni wamegoma.

Na haondoki, hawezi kuondoka, hapo ndipo penye mwiba, maana ng'ambo ya ukuta huu wa mbao, ambao hata kikohozi kinapenya, Babu Jicho, mpimaji wa darubini, anasoma damu ya Kasuku, Karamu aliona kwa macho yake muuguzi akipita na kile kisahani cha vioo vya damu, na kioo cha mwisho kilikuwa na alama ya kitanda chao, akamkimbilia Babu Jicho mlangoni, naye akamwambia nenda kazini mjukuu wangu, nikimaliza nitakuja mwenyewe nikuambie, nawe mkono uwe umeuweka mahali pake, na kweli ameuweka mahali pake, umefungwa humo kama mbuzi kambani, wakati jibu liko hatua chache tu... anasikia kigoda kinalia, anasikia kioo kikisogezwa, tik, kimya, tik, kimya, na anajua kile kimya maana yake nini, Babu Jicho alimfundisha siku moja walipokuwa wanakunywa chai, kioo chenye vimelea vingi vya malaria husomwa upesi, unachungulia tu unavikuta vimekaa ndani ya chembe za damu kama pete zimeangushwa, unamwita daktari, basi, lakini kioo kisafi ndicho kinachomchosha mtu, maana huwezi kusema hakuna mpaka umetafuta kila mahali ukakosa, "kusema kipo ni kazi rahisi, binti, kusema hakipo ni kazi ya mtu mzima," kwa hiyo kimya kikirefuka ni kizuri, kikirefuka sana ni kizuri sana, au Babu ameenda kuchemsha chai, siku nyingine huenda tu kuchemsha chai... tik... hapana, yupo.

Kasuku hakusema neno asubuhi, alioga kimya, na mtoto huyo jina la Kasuku hakulipata bure, alianza kusema kabla ya kutembea, akawa anamsemesha kila mtu, kuku, ndoo, mtu wa kusoma mita ya maji, ukimtuma dukani anarudi na habari za nyumba zote za njiani na chumvi ameisahau, mama humwambia mwanangu utamaliza maneno yako yote utotoni ukiwa mkubwa utaongea kwa ishara, na sasa ndiyo hivi, ishara tupu, anataka maji anagusa koo, anataka kugeuzwa anavuta shuka, miaka minne homa inakuja na kuondoka, inakuja na kuondoka, kila mara vidonge vilevile vya rangi ya njano, mwanzoni vilimponya, halafu vikawa vinamponya nusu, halafu daktari wa wodi akawaambia vimelea vya huyu mtoto vimevizoea vidonge, vinavimeza kama pipi, na kila homa ilipokuja ilibidi mtu abaki nyumbani, mama yupo kwenye tanuri la mikate kabla jua halijatoka, asipokwenda siku mbili nafasi yake ina mtu, Bibi macho hayaoni vizuri, hawezi kupima dawa kwenye kijiko, basi mtu wa kubaki ni nani, ni yeye, wiki hii siku mbili, wiki ile siku nne, mtihani ule, mtihani huu, mpaka mwalimu wa kidato cha pili akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioumiza, heri angefokewa, binti yangu kaa kwanza nyumbani mambo yakitulia utarudi, na mambo ni lini yalitulia... hakumlaumu Kasuku, hajamlaumu hata siku moja, labda siku moja, ile siku alipowaona wenzake wanapita na sare mpya, alimlaumu kuanzia dirishani mpaka mlangoni, kisha mtoto akamwita, "Dada, njoo nikuambie kitu," na kitu chenyewe kilikuwa kwamba mjusi wa darini ana watoto, akacheka, ikaisha.

Ameshuka mmoja. Ametua kwenye kifundo cha mkono, anatafutatafuta, anagusa, anaondoka... haya, angalau amesogea, harufu inapungua, usitikise, usipumulie humo, mbu anafuata pumzi ataacha mkono aje kwenye wavu ulio karibu na mdomo, kaa, tulia, kama Bibi anavyosema, Bibi ambaye alipoambiwa mjukuu wake amepata kazi ya kulisha mbu kwa mkono wake alikaa chini, "Watu wanawafukuza kwa moshi, wewe unawapakulia?" na alipoelezwa kwamba hawa ni mbu wasafi, wamezaliwa humohumo chumbani, hawajaonja mgonjwa hata mmoja, na kwamba yeye mwenyewe hupimwa kila mara na alikubaliwa tu baada ya kutimiza miaka kumi na minane, Bibi akasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini wewe cha kwako umekipelekea mkono kabisa, akacheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, maana mwaka ule alikwisha kuzika mjukuu wa jirani, na mbu kwa Bibi si mchezo... lakini mbu hawa, Bibi, mbu hawa ndio walioisomesha ile mashine iliyomchagulia Kasuku dawa, ungejua, nilijaribu kukueleza nikashindwa, mimi mwenyewe nilielewa siku Dada wa Kompyuta alipokuja hapa chumbani kuwaona, msichana mwembamba anayevaa sweta hata joto likiwaje, alisimama mlangoni anaogopa, anawaogopa mbu, mtu aliyesoma hivyo, akasema, "Nimefanya kazi na hawa miaka mitatu, sijawahi kuwaona," na Mama Chandarua akamwambia basi wasalimie, akacheka, akawasalimia kweli, akatueleza kwa kituo kama mtu anayemsimulia mtoto, kwamba ile akili bandia ya kwenye kompyuta haijui mbu ni nini wala homa ni nini, haijawahi kuumwa na kitu, imepewa tu maelezo ya dawa maelfu kwa maelfu, zilizotengenezwa, zilizotupwa, zilizoanza zikaachwa njiani, pamoja na habari za kila dawa iliyojaribiwa ilifanya nini na haikufanya nini, nayo inakisia, inasema jaribuni hii, jaribuni hii, wao wanaijaribu kwenye vioo, zinazofaulu wanazitia kwenye damu yenye vimelea, wanawapa mbu wa chumba kile chenye milango miwili ambako yeye haingii, wanatazama kama vimelea vimekufa au vimeota, kisha wanarudi kuiambia, hapa umepatia, hapa umekosa, nayo inajirekebisha, "kwa hiyo majibu ya mbu wako ndiyo darasa lake," akasema Dada wa Kompyuta, akauangalia mkono wa Karamu uliojaa vidoti, akaona haya.

Darasa lake... alikwenda na neno hilo nyumbani, akalala nalo, likamchoma, maana huyo mwanafunzi amepewa vitabu vyote vya dunia, hafukuzwi, haambiwi kaa kwanza nyumbani, akikosa anaelekezwa tena na tena wala hakatwi jicho, na darasa lake linaendeshwa kwa damu ya nani, ya msichana aliyekosa darasa, hebu fikiria, aliona wivu, aliionea wivu kompyuta, aibu iliyoje, kama mtu anayelionea wivu jembe... wawili, wameshuka wawili, mmoja amekaa sawa, tumbo juu, amechoma, ndiyo, huyu amechoma, uma mama, uma... na hiyohiyo kompyuta ndiyo iliyomtoa Mkaidi, dawa anayomeza Kasuku, walimwita Mkaidi kwa sababu wataalamu walimkataa, ni dawa ya zamani iliyowahi kutengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wenye upele, haikuuzwa, ikawekwa, na kila kompyuta ilipoulizwa ilimweka juu ya orodha, Dada wa Kompyuta alidhani imeharibika, akafuta kila kitu akaanza upya, ikamleta tena, wazee wa dawa wakamcheka, "mashine yako inataka kututibu pamoja na ng'ombe," akaomba ajaribiwe mara moja tu ili waelewane, na alipojaribiwa ndipo vicheko vilipokatika, wakamchonga upya, wakamlainisha, miaka ikapita, wakaanza na watu wazima wenye afya, kisha watu wazima wagonjwa, na sasa watoto wachache ambao vidonge vya njano vimewashinda, na daktari wa wodi alimweleza mama mara tatu, faida hii, hatari hii, mnaweza kukataa na bado tutamtibu kwa tulicho nacho, na mama, unga wa mikate bado uko kwenye nyusi, aliuliza swali moja tu, "Angekuwa wako?" na daktari hakujibu upesi, Mungu amjalie kwa kutojibu upesi, akasema, "Ningekubali, huku naogopa," mama akasema basi tuogope wote, akatia saini.

"...na ikishindikana pia tutaiambia," sauti hiyo, ng'ambo ya ukuta, ni Dada wa Kompyuta, naye yupo, amekuja kusubiri kama yeye, "hilo nalo ni jibu, itajifunza..." "Nyamaza kwanza, binti," ni Babu Jicho, "umenipotezea hesabu," na kigoda kikalia... ikishindikana itajifunza. Itajifunza nini, kwamba mtoto wa miaka tisa anayesimulia habari za mjusi amekuwa kosa, kwamba hapa umekosa, chagua nyingine, na nyingine ikipatikana itampata nani, Kasuku si darasa, dada yangu, Kasuku si zoezi la kufutwa ubaoni, na mwili wote unataka kusimama uzunguke ule ukuta ukaseme hivyo, na mkono hausimami, mkono una mbu sita sasa, saba, wametulia, matumbo yanaanza kubadilika rangi, na ukiutoa sasa umemwaga kila kitu, kwa hiyo anakaa, hasira imekaa naye, wanauma wote, hasira na mbu... kwani yule dada amesema nini kibaya, mtu aliyekuja kusubiri kioo cha mtoto asiye wake, angeweza kuletewa jibu kwenye skrini yake huku amekaa na sweta lake, amekuja, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, ilitetemeka, si sauti ya mtu anayehesabu makosa, ni sauti ya mtu anayejituliza, tutaiambia, itajifunza, kama mama anavyosema kwenye tanuri mkate ukiungua tutaupa kuku, hataki uungue, anajituliza tu...

Na kama itajifunza kwa Kasuku, basi ilijifunza kwa nani kabla ya Kasuku? Hilo swali limetoka wapi, limemjia kama mbu, hakulisikia likitua. Ilijifunza kwa nani? Maana Dada wa Kompyuta alisema siku ile, naye alikuwa amelisikia akalipita tu, kwamba kilichoifanya imng'ang'anie Mkaidi si dawa zilizofaulu, zilizofaulu ni chache hazitoshi kufundishia, ni zile zilizoshindwa, maelfu, miaka na miaka, miji na miji, na kwamba bahati yao kubwa ni kwamba kuna watu walizihifadhi habari za kushindwa zikiwa nzima, hawakuzificha kwa aibu, dawa hii ilipewa mtoto, siku ya tatu vimelea vipo, dawa ile ilipewa mtu mzima, siku ya tatu vimelea vipo, vipo, vipo... na kila "vipo" ni mtoto. Kila "vipo" ni kitanda, na kwenye kitanda kuna mtu aliyekaa pembeni ameshika sabuni ya kuazima, kuna dada aliyeacha shule, kuna mama mwenye unga au saruji au samadi kwenye nyusi, na ng'ambo ya ukuta kuna Babu Jicho wao, aliyetazama akaona pete zimetawanyika, akaumia, angeweza kuandika uongo mzuri, akaandika vipo, na yule dada aliambiwa nini, alikwenda nyumbani na nani... hawajui. Hatawajua kamwe. Wala wao hawakumjua Kasuku, hawakukusudia kumsaidia, walitaka wa kwao tu apone, na hakupona, na kutopona kwake kukafuatana na kwingine na kwingine kama watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani, mpaka ndoo ya mwisho ikafika kwenye midomo ya mtoto mmoja anayegusa koo lake, na yeye amekaa hapa anaionea wivu mashine, kumbe mashine ni wao, ndani yake hakuna mtu mwingine ila wao, wagonjwa na wapimaji na mbu wa vyumba vingine, na wasichana wengine waliokaa wametulia mkono ndani... na Bibi, Bibi aliuliza swali la maana kuliko wote wakamcheka, alipoambiwa dawa imechaguliwa na akili bandia alisema, "Bandia kama kucha?" wakacheka, kisha akasema, "Haya, mimi nataka kuiombea dua, niitaje kwa jina gani, na mama yake nani?" wakacheka zaidi, mama akamwambia, mama, ni mashine, haina mama, na Bibi akatikisa kichwa akasema kitu kilichokuja kumsaidia mwanangu hakiwezi kuwa hakina mama... ina mama, Bibi. Ina mama wengi. Nitakuambia leo jioni, sijui nitakuja na habari gani nyingine lakini hiyo nitakuja nayo, usiitaje kwa jina, waombee wale wa vitanda vya kwanza, waombee wote kwa mara moja, Mungu anawajua mmoja mmoja.

Na kama ni vipo? Anajaribu kulitazama, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole... kama ni vipo atalia, ataanguka hapa chini alie mpaka Mama Chandarua amwinue, hatakuwa na subira yoyote, asijidanganye, na daktari alisema bado kuna ya kufanya, kuna dripu, wataitundika, na atakaa pale kitandani, lakini Babu Jicho aandike vipo, aandike kama ilivyo, asimpunguzie mtu hata pete moja, maana yuko mtoto mahali fulani hajaanza hata kuumwa anayekisubiri kioo hiki, na dada yake bado yupo shuleni, mwache abaki shuleni... na kama havipo, ee Mola, kama havipo, basi hatasema mashine imeweza, wala hatasema bahati yetu, atajua ameletewa... na tangu asubuhi alikuwa anafanya biashara na Mungu, ukimponya nitashukuru, ukimponya nitashukuru, kama mteja anayeshika pesa mpaka aone mzigo, aibu, mzigo umekwisha kufika mlangoni siku nyingi, umebebwa na watu waliochoka, hata maji hawakupewa.

"Wamekula," anasema Mama Chandarua karibu na sikio lake, kwa sauti ndogo asiwashtue, "tazama walivyojaa, hawa wachoyo," na kweli, mkono wote una matumbo mekundu yanayong'aa, hakuwahisi, "kaa kidogo tu wamalizie wale wa nyuma," akamwekea kiganja begani, akakiacha pale, yule mama anayegomba na ukuta, akakiacha... na ng'ambo kigoda kimelia kwa nguvu, kimesukumwa nyuma, miguu, ile miguu ya kuburuza, inakuja, mkono wa mlango umeshuka, na moyo wake umepanda mpaka meno lakini mkono uko palepale, hautikisiki, na Babu Jicho ametokeza kichwa, jicho moja bado amelifumba kwa mazoea, na kabla hajafungua kinywa yeye amemwambia,

"Ahsante, babu."

"Ahsante ya nini, mjukuu wangu? Sijafika hata nusu, nimefuata kitambaa cha kufutia lenzi."

"Hata kabla ya jibu, babu. Ahsante tu."

Babu Jicho akamtazama, akamtazama na Mama Chandarua, akachukua kitambaa chake kwenye droo, akaguna kama mtu aliyepewa kitu asijue akiweke wapi, mlango ukajifunga, kigoda kikalia, na kule ndani hesabu ikaendelea kutoka pale ilipoachwa.